Kitabu cha Wageni

Manyatta tulisali ukuta kwa ukuta.
Mabati hayana siri: Min Akoth akianza litania kwake,
mimi najibu "utuombee" kwangu, nikikoroga mboga,
na jirani wa tatu, Msabato, anapiga kelele
tupunguze watakatifu, mtoto wake amelala.

Jumatano ilikuwa ya jumuiya.
Benchi ya kuazima kwa fundi Ogutu,
ndoo nne zimepinduliwa, kitanda kimegeuka kochi,
viatu thelathini mlangoni vikipakana matope,
na katekista Sabina, sauti kama bomba lenye hewa,
akiuliza nani hakuonekana Jumapili.
Hakuuliza kwa upole.
Ukikosa Misa moja, unatembelewa.
Ukikosa mbili, unatembelewa na uji.

Kisha Mungu akatubariki (ndivyo tulivyosema),
mkopo ukapita, tukapanda Riat.
Ziwa lote likawa la dirisha letu,
na gugumaji kwa mbali likafanana na shamba zuri.
Ukuta futi nane, juu yake waya unaonguruma.
Jirani nimemjua kwa rangi ya gari.

Jumuiya ipo, tusisingizie.
Ina jina la mtakatifu, ina mweka hazina, inaishi kwenye simu.
"Rozari saa moja kwa Bi. Lensa."
Vikajibu vikono kumi na vinane vya njano, vimekunjwa kusali,
na kwa Bi. Lensa tukafika wawili:
mimi na Bi. Lensa.
Mchango, lakini, huingia kabla ya jua kutua.
Sijui kosa ni la nani. Hakuna aliyeacha imani;
imekosa tu mahali pa kuvua viatu.

Mama mkwe, Filgona, tulipanda naye.
Nyonga zilimsaliti mwezi wa pili.
Kila Jumatano hutandika kitambaa mezani,
huuliza: "Watu wanakuja saa ngapi?"

Ijumaa ya kwanza padre alikuja, na pikipiki.
Sikuku, askari wetu, akamsimamisha getini
kama kitabu kinavyotaka.
Jina. Kitambulisho. Nambari ya nyumba. Saa ya kuingia.
Sababu: mgonjwa.
Idadi ya wageni?
Padre akajigusa kifuani, penye kifuko kidogo cha ngozi,
akaitazama kalamu kidogo,
akaandika: wawili.

Sikuku alichungulia nyuma ya pikipiki. Hapana mtu.
Halafu akavua kofia,
akapiga goti kwenye kokoto,
rungu likamponyoka.

Jioni nikamuuliza, "Kumbe wewe Mkatoliki?"
"Toka Kibabii, madam. Nilikuwa mtumishi wa altare."
"Na jumuiya husali wapi?"
Akaangalia viatu vyangu.
"Hapa hapa. Jumatano, zamu zikipokezana.
Mimi, Nafula wa nambari saba,
dereva wa lori la majitaka,
na mama wa mboga kabla hajateremka."

Miezi kumi na minne
nimepita katikati ya sala yao
nikipiga honi.

Jumatano iliyofuata nilimsukuma Filgona
kwenye kiti chake cha magurudumu, kokoto zikitupinga.
Walisimama wote. Wakanyamaza.
Nafula akaficha rozari mfukoni kama kitu cha wizi,
dereva akaanza kuaga.
Mimi nami, mwenye nyumba,
sikujua niweke wapi mikono.

Filgona hakuona aibu ya mtu.
"Mbona kimya? Mmefika fungu la ngapi?"
"La tatu, mama."
Akavua ndara zake, moja, ya pili,
akaziweka sawa kando ya buti za dereva,
akaanza, kwa sauti ya Manyatta,
sauti ya kuvuka ukuta.

Gari la nambari tisa likapiga honi.
Sikuku akaenda kufungua,
Salamu Maria ingali mdomoni.